Ujumbe wa Mlangoni: Asili na Safari ya Salamu za Kompyuta

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala juu ya ushairi, ngeli na asili ya maneno. Huenda basi wakashangaa kuona kwamba safari hii tunawaletea habari za kompyuta. Tunawaomba wasitupe kisogo mapema. Jambo tutakalolizungumza ni dogo kwa umbo: ni yale maneno machache ambayo mashine humwandikia mtu pale anapoifungua asubuhi, kabla hajaanza kazi yoyote, pamoja na ile hati fupi ya amri inayoyatoa maneno hayo. Hati za namna hiyo watu wamekuwa wakipeana mkono kwa mkono tangu miaka ya 1960. Tumeliona kuwa ni jambo letu kwa sababu mbili. Kwanza, hati ya amri ni maandishi, nayo husomeka kama yasomekavyo maandishi mengine. Pili, si zamani sana hati moja ya Kiswahili tuliyoitunga sisi wenyewe iliwaharibia wenzetu kazi ya muhula mzima, na chanzo chake kilikuwa ng'ombe. Habari ya ng'ombe huyo tutaifikia kwa wakati wake.

Hapo awali kompyuta haikuwa na mlango. Mtu aliyetaka kazi yake ifanywe aliiandaa kwenye kadi zilizotobolewa, akamkabidhi mtumishi wa mashine, akaenda zake. Majibu aliyapata baada ya saa nyingi, aghalabu siku ya pili yake. Mashine ilikutana na kadi, haikukutana na watu, na kwa hiyo haikuwa na wa kumsalimu. Mambo yalibadilika mwezi wa Novemba, 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, pale Fernando Corbató na wenzake walipoonyesha kwa mara ya kwanza mfumo wao ulioitwa CTSS. Mfumo huo uliwawezesha watu kadha kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa ameketi mbele ya taipureta yake, mashine ikimhudumia huyu kwa kitambo kidogo sana kisha ikamgeukia yule, hata kila mtu akadhani kuwa yuko nayo peke yake.

Hapo ndipo mlango ulipopatikana. Maadamu watu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na mafaili yake, ilibidi mashine ijue ni nani anayeingia. Kwa hiyo ilimtaka mtu ataje jina lake na neno lake la siri. Katika desturi zetu mgeni hupiga hodi, akajibiwa karibu, na habari zake akaulizwa akisha kuketi. Mashine iliupindua mpangilio huo: ilimhoji mtu kwanza, na ilipotosheka ndipo ikamkaribisha. Baada ya kumkaribisha ilimwandikia maneno ambayo wasimamizi walitaka kila mtu ayasome siku ile, kama vile mashine itafungwa saa fulani, au programu fulani imerekebishwa. Maneno hayo yaliitwa ujumbe wa siku.

Katika mfumo huo huo ndimo ilimozaliwa hati ya amri. Louis Pouzin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika chuo hicho, alichoka kuandika amri zile zile kila siku. Yapata 1963 na 1964 alitunga programu aliyoiita RUNCOM, ambayo kazi yake ilikuwa kusoma faili lenye orodha ya amri na kuzitekeleza moja baada ya nyingine kana kwamba mwenyewe ameketi akiziandika. Kabla hajarudi kwao Ufaransa mnamo 1965, aliandika pia mapendekezo ya programu ya kuzipokea amri za mtumiaji na kuzifikisha ndani ya mfumo. Programu hiyo aliiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya gamba, kwa kuwa huuzunguka mfumo kama gamba la kobe, na jina hilo limedumu. Hata leo, katika mashine nyingi, faili la amri zinazotekelezwa wakati wa kufungua huwa na jina linaloishia kwa herufi r na c. Herufi hizo mbili ni masalio ya RUNCOM. Sisi tunaofundisha asili ya maneno tunajua jinsi masalio ya namna hii yanavyoweza kukaa katika lugha muda mrefu baada ya wasemaji kusahau yalikotoka.

Haukupita muda mrefu kabla ya ujumbe wa siku kuleta msiba wake wa kwanza. Jambo hili lilitokea katikati ya miaka ya 1960, na Corbató mwenyewe alilisimulia katika hotuba aliyoitoa alipopewa Tuzo ya Turing ya 1990, iliyochapishwa mwaka uliofuata. Programu ya kuhariria mafaili katika CTSS ilikuwa na mazoea ya kuifanyia kazi nakala ya muda, na nakala hiyo ilipewa jina lile lile siku zote. Aliyeitunga alidhani kuwa katika saraka moja hawezi kufanya kazi zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na alipokuwa akiitunga hakukosea. Baadaye kanuni hiyo ililegezwa ili wasimamizi waweze kuitumia saraka yao kwa pamoja. Basi jioni moja ya Ijumaa msimamizi mmoja alikuwa akihariri ujumbe wa siku, na mwenzake akihariri faili la maneno ya siri ya watumiaji wote. Nakala zao za muda zikachanganyikana. Ujumbe wa siku ukawa ndiyo orodha ya maneno ya siri, na kila mtu aliyeingia akaandikiwa na mashine, jina kwa jina, siri za wenzake wote.

Ilibidi maneno yote ya siri yabadilishwe. Mtu anaweza kucheka, nasi tulipoisoma habari hii tulicheka. Lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba hapakuwa na mwizi wala mtu mbaya. Palikuwa na watu wawili wenye bidii, kila mmoja akiifanya kazi yake ilivyotakiwa, na programu iliyofanya kama ilivyoelekezwa. Kilichokosekana ni mtu wa kujiuliza: ikiwa maneno yanayosomwa na kila mtu yanakaa chumba kimoja na maneno yasiyopaswa kusomwa na yeyote, itakuwaje siku yatakapobadilishana nafasi? Mifumo iliyofuata iliacha kuyaweka maneno ya siri jinsi yalivyo. Huyahifadhi yakiwa yamegeuzwa kwa hesabu, hata mtu akiliona faili hawezi kuyasoma.

Mnamo 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, katika maabara za Bell huko New Jersey, walianza kuutunga mfumo wa Unix. Humo ujumbe wa siku ulipewa faili lake, nalo likaitwa motd, yaani herufi za kwanza za maneno yenye maana hiyo kwa Kiingereza. Mfumo huo unajulikana kwa ufupi wa maneno yake, na ufupi huo ulikuwa na sababu. Taipureta zilizotumika wakati ule, kama ile ya Teletype namba 33, ziliandika herufi 10 tu kwa sekunde. Ujumbe wa herufi 600, ambao katika jarida hili ni aya moja ya kadiri, ungemweka mtu akisubiri dakika nzima huku mashine ikigonga karatasi. Msimamizi aliyependa kuhutubu alichukiwa upesi. Baadaye ilibuniwa hata njia ya mtu kuunyamazisha mlango: akiweka katika saraka yake faili tupu lenye jina fulani, mashine humpitisha bila ya maneno.

Katika toleo la saba la Unix, lililotoka 1979, kila mtumiaji aliweza kuwa na faili lake mwenyewe la amri, likasomwa kila aingiapo. Toleo hilo lilikuja pia na programu ndogo iliyoitwa fortune, ambayo kazi yake yote ni kuchagua msemo mmoja kwa bahati nasibu kutoka katika mkusanyo na kuuandika. Watu waliiweka amri hiyo katika faili la kufungulia, na kila asubuhi wakapata neno jipya: pengine utani, pengine hekima, pengine upuuzi mtupu. Mikusanyo ya misemo ikakua kwa kupeanwa. Mtu wa chuo hiki alimwongezea wa chuo kile, na kanda za mfumo zilipopelekwa mji mwingine, misemo nayo ilisafiri humo. Akina mama wa pwani hawangehitaji kufafanuliwa jambo hili. Kanga imekuwa ikimsemesha mtu anayepita mlangoni tangu zamani, na jina likipendwa husambaa mji mzima bila ya kuulizwa limeanzia wapi.

Kompyuta ndogo za mezani zilileta desturi hiyo majumbani. Kompyuta ya IBM iliyotoka 1981 ilitumia mfumo wa DOS, na katika mfumo huo mlikuwa na faili lililoitwa AUTOEXEC.BAT, ambalo mashine ililisoma yenyewe kila ilipowashwa. Mtu asiyejua hata chembe ya uandishi wa programu aliweza kuandika humo mstari mmoja wenye amri ya echo, yaani mwangwi, na baada yake maneno yoyote ayatakayo. Kesho yake mashine ikamsalimu kwa maneno hayo. Magazeti ya wapenzi wa kompyuta huko Ulaya na Marekani yalichapa programu fupi fupi ili wasomaji wazinakili kwa vidole vyao, mstari kwa mstari. Kunakili huko kulichosha, lakini kulikuwa na faida moja ambayo watu waliiona ilipokwisha kupotea: anayenakili kwa mkono husoma.

Diski zilipokuwa njia ya kawaida ya kupeana, kusoma kulipungua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kirusi kilichoitwa Stoned, kilichotoka New Zealand, kiliingia katika sehemu ya diski inayosomwa mwanzo kabisa wa kuwasha, na mara moja moja kiliandika maneno ya kejeli machoni pa mwenye mashine. Hicho hakikuwa hati ya amri. Kiliandikwa kwa namba za mashine, na mtu wa kawaida asingeweza kukisoma hata angetaka. Kisa tunachotaka kukieleza kwa urefu zaidi ni kile cha Disemba, 1987, kwa kuwa hicho kilikuwa maandishi ya wazi kabisa.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Clausthal, katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo, alitunga hati ya amri kwa lugha ya REXX. Lugha hiyo ilianzishwa 1979 na Mike Cowlishaw wa kampuni ya IBM, na miongoni mwa makusudi yake lilikuwamo hili, kwamba isomeke kwa urahisi na binadamu. Hati ya mwanafunzi huyo ilichora kwa vinyota mti wa Krismasi, ikaandika salamu za sikukuu. Hilo ndilo lililoonekana. Ikisha kufanya hivyo ilifungua mafaili mawili ya mtumiaji, moja lenye majina ya watu anaowasiliana nao na jingine lenye kumbukumbu za waliopelekeana naye mafaili, kisha ikajituma yenyewe kwa kila jina ililolikuta. Aliyeipokea aliona imetoka kwa mtu anayemjua. Akaiendesha, mti ukachorwa, akatabasamu, na hati ikaenda kwa jamaa zake wote.

Kwa siku chache hati hiyo ilijaza mitandao ya vyuo vikuu, EARN ya Ulaya na BITNET ya Marekani, ikavuka hadi mtandao wa ndani wa kampuni ya IBM, ambako wingi wa nakala ulizuia kazi hata mtandao ukabidi usimamishwe ili usafishwe. Haikufuta faili la mtu yeyote. Inasemekana kwamba mtungaji alikusudia kuwasalimu rafiki zake tu.

Kinachotushangaza zaidi sisi walimu wa lugha ni jambo jingine. Hati nzima ilikuwa wazi. Yeyote aliyetaka kujua itafanya nini angeweza kuifungua na kuisoma, na mistari iliyoagiza majina yasomwe na nakala zitumwe ilikuwamo humo, haikufichwa. Lakini mtungaji aliweka katika hati yenyewe maelezo ya kumwambia msomaji kwamba kulipitia faili hili hakuna raha yoyote, afadhali aandike tu neno la kuliendesha. Maandishi yalimwomba msomaji asiyasome, naye akakubali! Tumewahi kuwapa wanafunzi wetu kisa hiki katika somo la ufahamu, tukawauliza ni mara ngapi wametia sahihi karatasi bila ya kuisoma. Darasa lilinyamaza.

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Herufi ambazo kompyuta za Marekani zilikubaliana kuzitumia ziliwekwa katika kanuni iitwayo ASCII, iliyoidhinishwa 1963, na herufi ndogo zikaingizwa katika marekebisho ya 1967. Kanuni hiyo ina nafasi 128 tu. Haina herufi za Kifaransa zenye alama juu yake, haina za Kijerumani, wala haina hata moja ya Kiarabu, na kwa hiyo Kiswahili cha hati za kale kilibaki nje hadi kanuni ya Unicode ilipoanza kutoka 1991. Lakini Kiswahili sanifu, kama kilivyoratibiwa na ile Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930, kiliingia chote bila ya kuacha kitu. Wataalamu wa taasisi ya lugha za Afrika iliyokuwa London walikuwa wakipendekeza wakati ule ule kwamba sauti ya king'ong'o iandikwe kwa herufi ya pekee yenye mkia, ŋ. Kiganda kiliichukua herufi hiyo, na hapa kwetu Uganda wenye kuandika Kiganda wamehangaika nayo tangu enzi za taipureta hadi leo, wengi wakaishia kuandika ng' kama Waswahili. Kiswahili hakikuichukua. Kilibaki na n, na g, na ritifaa.

Ritifaa hiyo ilionekana kuwa bahati njema, na kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Katika AUTOEXEC.BAT ya zamani mtu aliweza kuandika echo na ng'ombe baada yake, na ng'ombe alitokea mzima. Katika Unix na jamaa zake, ikiwemo Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds 1991, mambo ni mengine. Gamba la mfumo huo halijui kwamba ritifaa ni sehemu ya herufi. Kwake yeye ritifaa ni alama ya kunukuu: hufungua maneno, na ni lazima nyingine ije kuyafunga. Ikiwa haiji, gamba hungoja.

Turudi basi kwa ng'ombe wetu. Katika chuo tulichokuwa tukifundisha tulikuwa na kompyuta chache za Linux, zilizopangwa zifungue dirisha la amri mara tu ziwashwapo. Wanafunzi wetu wa ualimu walitaka mashine iwasalimu kwa Kiswahili na kuwapa methali moja kwa kila siku ya juma. Tuliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Hati ilianza kwa mstari wa kumkaribisha mwalimu, kisha zikafuata siku saba, na kila siku na methali yake. Tuliijaribu ikafanya kazi. Jioni ya kuigawa kwa wenzetu wa shule nne, mmoja wetu (aliyekuwa na madaraka ya kuhariri, na anayeandika mistari hii hawezi kumkana) aliona methali ya Alhamisi imepooza. Akaifuta, akaandika mahali pake: Ng'ombe haelemewi na nunduye. Hakuijaribu tena. Ilikuwa methali tu.

Asubuhi ya Jumatatu mashine za shule zile zilisema "Karibu, mwalimu", kama zilivyoagizwa. Baada ya hapo, badala ya methali, ziliandika mstari wa Kiingereza wa kulalamika kwamba zimefika mwisho wa faili zikiwa bado zinatafuta alama ya kufungia. Haikuwa Alhamisi, lakini gamba husoma orodha yote ya siku saba kwa pamoja kabla ya kuchagua, na ng'ombe wa Alhamisi alikuwa amezimeza siku zilizosalia. Walimu watatu waliona ni hitilafu ndogo, wakaendelea na kazi. Wa nne aliiona salamu asiyoizoea ikifuatwa na lawama asiyoielewa, akaamini kuwa ni kirusi. Aliipeleka mashine kwa fundi, na fundi akafanya ambalo mafundi wengi hulifanya, akafuta kila kitu na kuuweka mfumo upya. Zilipotea humo maksi za muhula wa madarasa mawili.

Mwalimu huyo hakutulaumu kwa sauti. Alitupigia simu, akatueleza, akatuuliza kama tuna nakala ya maksi zake, jambo ambalo hapakuwa na sababu ya sisi kuwa nalo. Tulimwomba radhi. Alikaa wiki mbili akisahihisha upya madaftari aliyoweza kuyakusanya kwa wanafunzi, nasi tulikwenda kumsaidia kwa siku mbili za Jumamosi.

Tulipokuwa tukisahihisha alitwambia neno ambalo tumelifikiri sana tangu hapo. Alisema: "Ingeniambia kwa Kiswahili kwamba kuna alama haikufungwa, ningeitafuta alama." Ni kweli. Mwalimu wa Kiswahili akiambiwa kuna ritifaa inayokosa mwenzake hawezi kumkimbilia fundi, kwa kuwa hiyo ni kazi yake ya kila siku. Juhudi za kuifundisha kompyuta Kiswahili zimekuwapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisini kwa Kiswahili mnamo 2004, zikaitwa Jambo OpenOffice. Lakini tafsiri kwa kawaida huanzia kwenye vitufe na menyu, yaani pale mambo yanapokwenda sawa. Maneno ya hitilafu, ambayo ndiyo mtu huyahitaji zaidi katika lugha anayoielewa, aghalabu hubaki ya mwisho. Na sisi tuliongeza ubaya juu ya hilo: mlango wetu ulizungumza Kiswahili kwa mstari mmoja, kisha ukamwacha mgeni na lugha nyingine.

Tulipoirudia hati darasani tulifanya majaribio yafuatayo, nasi tunawashauri walimu wenye kompyuta wayafanye pamoja na wanafunzi, kwani hufundisha tahajia kuliko imla kumi. Tuliandika:

echo Ng'ombe wa ng'ambo

Hapa ritifaa ni mbili, kwa hiyo gamba halikungoja wala kulalamika. Liliichukua ya kwanza kuwa ya kufungua na ya pili kuwa ya kufunga, likazitupa zote mbili, likaandika: Ngombe wa ngambo. Tunaliona kosa hili kuwa baya kuliko lile la kwanza. Lile la kwanza lilipiga kelele. Hili liliharibu tahajia kimya kimya na kutuletea maneno mawili yasiyokuwa ya Kiswahili, na mwanafunzi anayejifunza angeyanakili akidhani ndivyo yaandikwavyo. Kisha tukaandika:

echo "Ng'ombe wa ng'ambo"

Ndani ya alama mbili mbili za kunukuu ritifaa huachwa ilivyo, na ng'ombe akatokea na ritifaa yake.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini maneno ya watu yawekwe ndani ya amri hata kidogo. Swali lake lilitufedhehesha, kwa maana waundaji wa Unix walikuwa wamekwisha kulijibu: ujumbe wa siku waliuweka katika faili lake, mbali na amri, na mashine hulisoma faili hilo na kulionyesha bila ya kujaribu kulielewa. Tukafanya vivyo hivyo. Sasa methali zetu ziko katika faili moja, kila methali na mstari wake, na hati ya amri ina kazi moja tu ya kuchukua mstari mmoja na kuuonyesha. Ng'ombe, ng'ambo, king'ora na kung'ang'ania wote wamo humo bila ya kufungwa kamba.

Hati mpya tuliwapelekea wenzetu wa shule zile nne. Juu yake tuliandika mistari sita ya Kiswahili, kila mmoja ukitanguliwa na alama inayoiambia mashine isiushughulikie, tukaeleza hati itafanya nini, itagusa faili gani, na mtu afanyeje akitaka kuiondoa. Yule mwalimu wa nne aliipokea iliyochapwa kwenye karatasi, kama alivyotaka mwenyewe. Aliisoma hadi mwisho kwa kalamu nyekundu, akaturudishia na masahihisho mawili ya tahajia katika yale maelezo yetu, kisha akaiweka katika mashine yake kwa mkono, mstari kwa mstari. Faili la methali amekwisha kuliongezea arobaini na tatu, nyingi kati yake zikiwa za ng'ombe. Wasomaji walio na methali zenye sauti hii, hasa za bara ambazo hazikupata kuchapwa, tunawaomba watuandikie ili tuziongeze.